Mikate Ilipokataa Kuumuka

Apakuki alimkanyaga Kelera ndala ikakatika, katikati ya soko la Suva, Jumamosi ya mvua, watu wamebanana kwenye mafungu ya magimbi. Alikuwa kuli wa bandarini, mabega mapana, sulu ya bluu, ile shuka ya kiunoni, imemganda mapajani. Alivua ndala zake mwenyewe, akampa, akaenda peku hadi kituo cha basi. Kelera, ndani ya gauni la maua mekundu, alimwambia nyayo zake zingetosha kuvukia mto. Wiki iliyofuata walikuwa wanapigiana simu kila saa ya chakula.

Jambo moja Kelera hakumwambia. Homa ya utotoni ilimharibia moyo, na akiwa na miaka kumi na tisa alipasuliwa akawekewa vali ya chuma, kilango cha kupitishia damu. Tangu hapo alimeza kila siku vidonge vya kuzuia damu isigande. Daktari alimwonya asishike mimba kabla ya kuonana naye.

Alishika. Akanyamaza wiki saba, akiogopa kugombezwa, akiogopa zaidi kuachwa. Kisha akasikia kanisani kwamba vidonge vile humdhuru mtoto tumboni. Akaacha kumeza. Hakuuliza mtu.

Siku ya tatu, kwenye duka la mikate alikofanya kazi, unga ulilala kwenye trei kama udongo. Shangazi Vika, msimamizi, akawatazama wanawake wote wanne. Kila mmoja pale alijua maana yake: kuna mtu anaficha mimba.

"Nani?" akauliza. "Mimi nina miaka hamsini na minane, msiniangalie."

Wakacheka. Kelera hakucheka, na hilo likatosha.

Kabla ya saa sita habari ilishafika bandarini. Simu ikaita, ni Apakuki.

"Ni kweli?"

"Kweli."

"Duka zima linajua, mimi sijui. Au baba ni mwingine?"

Kelera akakata simu.

Baada ya nusu saa Apakuki alisimama mlangoni, saruji imemjaa nyweleni. Kelera akamvuta nyuma, kwenye magunia ya unga, akamwinamisha sikio kifuani pake. Tik, tik, tik.

"Siku zote nilidhani ni saa yako."

"Sina saa, Apa."

Akamweleza yote, hata vile vidonge. Apakuki akapauka. Akaenda kusimamisha teksi.

Kliniki, muuguzi Sereana aliposikia siku tatu, aliketi.

"Vali ingeziba, ukaanguka na mtoto wako palepale kwenye trei," akasema. "Dawa hii haiachwi bila kutuuliza."

Wakampima damu, wakampiga picha ya moyo. Damu haikuwa imeganda kwenye vali. Daktari akamwandikia sindano za tumboni badala ya vidonge, asubuhi na jioni, na vipimo kila wiki. Hakuahidi kwamba wote wawili watatoka salama.

"Nyumbani nani atamchoma?" Sereana akauliza.

Apakuki akanyoosha mkono. Mikono ile ilibeba magunia kutwa. Sasa ikashika sindano.

"Mpenzi," akasema, sindano hewani, "Jumamosi nampelekea baba yako jino la nyangumi, kama desturi yetu. Nimwombe radhi kwa lile neno la simuni. Kisha nikuombe wewe uwe mke wangu."

Sereana akajifanya anapanga mafaili. Kelera akafunua tumbo, akakaza macho darini.

"Choma kwanza," akasema. "Nikijua mkono wako ukoje, nitakujibu."