Kisima Chini ya Lami

Rola la kushindilia barabara lilikuwa limezimwa na dereva wake yuko kivulini anakula, lakini barabara iliendelea kugongwa. Ngo, ngo, ngo. Kisha kimya. Sauti ilitoka chini.

Mpimaji aliinama, akaweka kiganja juu ya lami. Saa sita mchana, lami ilikuwa baridi. Ilinuka tope la kisimani.

"Shemeji, umesikia?" dereva alinong'ona. Dereva alikuwa mume wa dada yake mpimaji. Mpimaji ndiye aliyemtafutia kazi hii ya ugenini, na alimwapia dada yake kwamba atamrudisha mzima.

"Mawe yanajipanga. Kula."

"Mawe yanabisha hodi siku hizi?"

Mkalimani, mwenyeji pekee kambini, alicheka bila furaha. "Muulize alichoandika kwenye fomu."

Serikali ya kwao mpimaji na dereva ilikuwa ikiijengea nchi jirani barabara. Bango la mwanzoni liliandikwa URAFIKI. Mstari wa mpimaji ulipita juu ya kisima kikavu. Bibi kizee wa pale alimwambia wazi kwamba kisima kina mwenyewe, na si mtu. Kuupinda mstari mita tatu kungetaka siku mbili za kupima upya. Kwenye fomu, penye "Mwenyewe", mpimaji akaandika "Hakuna". Kifusi kikamwagwa, na shemeji yake akashindilia mpaka ardhi ikakoma kubonyea.

Sasa mpimaji alimwita yule bibi. Alikuja, hakusalimu mtu.

"Anasema mmemzibia mwenye kisima mlango wake," mkalimani alitafsiri. "Fukueni leo, la sivyo atatafuta mlango mwingine."

"Kesho balozi anakata utepe. Mwambie baada ya sherehe."

Bibi alitema mate kwenye lami, akaondoka.

Alasiri dereva alipanda rola kulipitisha mara ya mwisho, na alipofika juu ya kisima injini ikazimika, ndege wakanyamaza, na mpimaji, aliyekuwa hatua ishirini nyuma, akamwona shemeji yake akigeuka taratibu kama aliyeitwa kwa jina lake la utotoni, akafunua kinywa ili aitike, akakifunua zaidi, kupita kinywa kinavyoweza kufunuka, na ile harufu ya tope ikakimbia juu ya barabara ikaingia humo, yote, mpaka hewani ikabaki harufu ya lami peke yake.

Kinywa kikajifumba.

"Kazi imekwisha," dereva alisema. Tangu hapo hakumwita tena shemeji.

Lami haikugongwa tena. Balozi aliisifu kwa unyoofu wake.

Wiki iliyofuata walisimama mlangoni kwa dada, nyumbani. Dereva alikuwa na mzigo kila mkono. Mpimaji aliinua mkono abishe, lakini hakuwahi.

Ngo, ngo, ngo. Ilitoka kifuani mwa dereva.

Mpimaji alitaka kupiga kelele: usifungue. Lakini angeeleza nini? Aliapa kumrudisha, na amemrudisha.

"Jamani, mnabisha kama wageni!" dada alicheka ndani, akivuta komeo. "Karibu, mume wangu. Karibu kwako."