Fimbo Yenye Uzi Mwekundu

Katika soko la Kadutu kila muuzaji ana matabishi yake. Matabishi ni ile nyongeza ndogo ambayo mnunuzi huidai akishalipa: kiganja cha maharagwe, nyanya moja, kipande cha sabuni. Eulalie, aliyeuza mitumba ya Ulaya, yeye alitoa kicheko. Kilianzia tumboni, kikamtikisa mabega na kitenge chote, na wanaume wazima walipanda kile kilima cha tope jekundu kununua raketi isiyo na nyuzi, mradi wakisikie.

Ila usidanganywe na kicheko. Eulalie aliwahi kuchumbiwa, akamngoja mchumba wake aliyeenda Kinshasa, na mchumba akaoa hukohuko. Tangu hapo aliapa jambo moja: hatakuwa wa pili kwa mtu tena.

Jumamosi moja, mvua ilipokatika na harufu ya sambaza, wale dagaa wakavu wa ziwani, ikarudi sokoni, alisimama mbele yake mwanaume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, buti zimejaa matope. Jina lake Lucien, fundi wa maabara huko Lwiro.

“Maman, uko na kani ya kuvua samaki? Ile ya kutupa na unyoya.”

“Unyoya? Samaki ya wapi inakula kuku?”

“Tunafunga unyoya ku ndoana, inafanana na nzi. Samaki anaruka, anakosea.”

“Kumbe uko mudanganyifu wa kazi! Karibu, papa.”

Alimtolea fimbo zote alizokuwa nazo. Lucien akazijaribu moja moja, akitikisa kifundo cha mkono tu, macho yakifuata ncha.

“Hii iko nguvu sana. Iko ya bahari, itapasula midomo ya samaki yetu. Hii ingine iko laini, inalala sawa mugonjwa.”

“Unachagua kani ao unachagua bibi?”

“Bibi haana namba. Kani iko nayo, ona hapa juu ya mushikio: tano. Kamba pia inapashwa kuwa ya tano. Na mulineti, hii gurudumu ya kuzungushia kamba, isizidi uzito. Ikizidi, mukono inachoka mbele ya samaki.”

“Unajua sana, na hauna kani. Uliacha kuvua tangu lini?”

“Miaka tatu.”

“Juu ya nini uliacha?”

“Kazi,” Lucien akasema, akainama haraka kupekua chini ya rundo la magongo ya wagonjwa.

Hapo ndipo mkono wake ulipoigusa. Fimbo ya kijani, ya vipande vinne, na kwenye maungio uzi mwekundu wa cherehani umezungushwa kwa subira. Lucien akaupitishia kidole. Uzi ule aliufunga mke wake, Micheline, siku fimbo ilipopasuka. Walikuwa na fimbo moja tu, wakipokezana mtoni. Ugonjwa wa moyo ulipomchukua Micheline na matanga yakaisha, ndugu zake walikuja kama ilivyo desturi kuchukua vitu vya dada yao: nguo, sufuria, na fimbo. Mulineti pekee ilibaki, kwa kuwa ilikuwa katika mfuko wa koti la Lucien.

“Hii ilitoka wapi?” akauliza.

“Bulaya, papa! Konteneri ya Anvers. Muzungu mwenyewe alilia wakati wa kuiachilia.”

Uongo mtupu. Aliinunua kwa mtu wa Mudaka anayeitwa Polycarpe. Lakini huo ni uongo wa soko, haupelekwi hata kwa padri. Lucien alikuwa na nafasi ya kusema ukweli palepale. Ila kumuumbua mwanamke mbele ya majirani wa meza yake? Akaona haya, akameza maneno. Laiti angesema.

“Na mulineti, papa? Niko na moja muzuri.”

“Mulineti niko nayo.” Akalipa. “Na matabishi?”

Eulalie akacheka mpaka wauza viatu wakageuka. “Njo hiyo. Umesha kuipata.”

Lucien alimwachia namba ya simu, ati ampigie kamba ya tano ikifika. Jumatatu jioni simu ikalia.

“Allô, papa wa unyoya. Kamba haiyafika. Nimepiga tu kuuliza kama kani iko muzima.”

“Kani iko muzima. Mwenye kani njo mugonjwa.”

“Anaumwa nini?”

“Anakosa matabishi.”

Kicheko kikapasua simu. Lucien, katika chumba ambamo kwa miaka mitatu kilichosikika ni redio tu, akajikuta naye anacheka. Mapenzi yalianza hivyo, na baada ya hapo simu zikawa za kila siku. Umekula, cheri? Unavaa nini? Kwa nini hukupiga mchana? Eulalie akambatiza Lulu. Akaanza kujipaka wanja siku za kazi, na wauza viatu wakawa na la kusema.

Jumapili baada ya misa alikuwa akipanda Lwiro. Lucien alimpeleka kwenye kijito kinachoshuka kutoka msituni, maji baridi, mawe yenye utelezi. Kamba ya tano ilikuwa imeshafika. Eulalie alivaa buti za mpira za mezani kwake na kitenge cha manjano amekikunja hadi magotini. Lucien alisimama nyuma yake, akamshika kifundo cha mkono.

“Rudisha nyuma. Ngoja kamba inyooke. Usiharakishe. Sasa tupa.”

“Naogopa itavunjika.”

“Haivunjike. Ilisha kuvunjika, ikafungwa.”

“Na nani?”

Lucien akatazama maji. “Na mutu wa mbele.”

Mara kamba ikakaza. Eulalie akapiga yowe, akamvuta samaki mdogo anayemeremeta, akaruka naye juu ya mawe, kitenge chote kimelowa. Lucien alikuwa analia. Eulalie alidhani ni furaha, na sehemu ilikuwa furaha kweli.

“Nitume batu ba kwetu kwa papa yako?” Lucien akauliza, machozi hayajakauka. “Tuongee mambo ya dot, mahari yako?”

“Tuma, Lulu! Ulikuwa unangoja nini?”

Wiki ile ile ambayo wageni wa Lucien walikuwa waende kwa baba yake Eulalie, Polycarpe alipita mezani kutafuta sufuria.

“Maman, ile kani ya dada yangu, uliiuzisha?”

“Dada yako nani?”

“Micheline, marehemu. Bibi ya Lucien wa Lwiro. Yeye njo alifunga ule uzi mwekundu.”

Eulalie alikuwa ameshika kioo kwa ajili ya mteja. Akakiweka chini polepole, akaomba radhi, akaenda nyuma ya kibanda. Akapiga simu.

“Lucien, ule uzi mwekundu, ni nani aliufunga?”

Upande wa pili redio ikazimwa.

“Sema jina.”

“Micheline.”

“Na ukanishikisha kani yake. Ukasimama nyuma yangu, ukashika mukono yangu, na haukuniambia.”

“Wewe ulisema iko ya Bulaya.”

“Ule ni uongo ya soko! Yako ni uongo ya nyumba!”

“Nilikataa kukupatisha haya mbele ya batu. Kisha siku zikapita, nikashindwa pa kuanzia. Cheri, sikiliza…”

“Kwetu mwanamuke haingie mu nafasi ya marehemu bila kuambiwa. Ulikuya kutafuta kani, ukapata kani yako. Mimi nilikuwa matabishi.”

Akakata. Wageni wakaambiwa wasubiri. Simu za Lucien zikalia mezani kati ya soksi na vitasa, zikaachwa zilie.

Siku chache baadaye Lucien akapanda Kadutu, shati halina pasi.

“Nimerudisha kani kwa Polycarpe. Na mulineti pia. Nimekuya mukono mutupu, Eulalie. Juu yako tu.”

Eulalie alimtazama mikono. Vidole vilikuwa vinasuguana vyenyewe, vinatafuta kitu. Uso ulikuwa umezimika. Alimpenda mtu huyu, alimpenda sana, na kumwona hivi kulimuumiza kuliko ile simu.

“Nipe siku kidogo,” akasema.

Siku hizo hakuzitumia kufikiri. Alikwenda Mudaka, akaikomboa fimbo na mulineti yake, na Jumapili akapanda mpaka kijitoni. Lucien alikuwa ameketi juu ya jiwe, hana kitu mkononi, anatazama tu maji yakipita.

“Tupa,” Eulalie akasema, akimnyooshea mzigo wa fimbo.

“Nilisha kuiacha, cheri. Nilikuambia.”

“Tupa, nione.”

Lucien akaunganisha vipande vinne bila kuvitazama. Mulineti ikaingia mahali pake, ikatulia. Akarudisha nyuma, akangoja, akatupa, na kamba ikanyooka juu ya maji bila sauti. Akatupa tena. Uso ukamfunguka, midomo ikaanza kusogea, anamsimulia mtu jambo taratibu, na mtu huyo hakuwa Eulalie. Eulalie alikuwa amesimama nyuma yake, palepale ambapo Lucien alizoea kusimama. Uso ule hakuwahi kupewa hata siku moja. Alilia akiwa ameziba mdomo na ncha ya kitenge.

Lucien alipogeuka alimkuta ameshajifuta.

“Wewe haukukuwa matabishi,” akasema. “Nakupenda weye. Kweli ya Mungu.”

“Najua. Sasa najua kabisa. Lakini yeye angali hapa, Lulu. Haujamusindikiza, na mimi siwezi kumusukuma.”

“Nipatie wakati.”

“Nilisha kungoja mutu mara moja. Sina nguvu ya kungoja tena.”

Alimwekea kola sawa, akambusu kwenye paji la uso, akateremka kuelekea barabarani na buti zake za mpira. Hakugeuka nyuma, maana alijijua angerudi. Samaki alivuta kamba mara mbili, na Lucien hakumsikia.

Kwa baba yake Eulalie, maneno ya dot yaliishia hapo. Lucien bado anavua kila Jumapili, watu wa Lwiro wanamwona. Naye Eulalie yuko mezani kwake Kadutu, amefunga kilemba vizuri, bei zake hazijapanda. Nunua kwake, matabishi utapewa: soksi ya mtoto, kitambaa, kitufe cha koti. Ila kile kicheko usimwombe.