Ubatizo wa Njia ya Runingu

Watu wa Uvira, nisikilizeni, hasa nyinyi wenye watoto chuoni. Haya yalitokea Nyamianda, nyumba ya tatu kutoka kwangu, wakati wa vita, na wengi wenu mnayajua nusu. Leo nitawapa nusu iliyobaki, hata kama haitawapendeza.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Bi Dalila, mjane wa ukoo wa wale wafanyabiashara Waislamu wa zamani. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Djamali, aliyekuwa mwaka wa tatu chuoni. Na mwaka ule wa elfu mbili Bi Dalila alikuwa amempokea mwanafunzi mgeni, Ngendakumana, kijana wa Rumonge, ng'ambo kule Burundi. Shule ya kwao ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita vyao, basi akaja kusoma kwetu, kwenye vita vyetu. Msicheke. Siku hizo kila mtu aliamini kwamba ng'ambo ya pili kuna nafuu.

Jioni ungewakuta uani. Bi Dalila anasonga bugali, Ngendakumana anachambua ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na kutoa mchanga, redio inasema mambo ambayo hakuna anayeyasikiliza. Kijana alikuwa Mkatoliki. Rozari yake ilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda, na Bi Dalila mwenyewe ndiye aliyeifuta vumbi. Ramadani ilipoanza, kijana akafunga pamoja na wenye nyumba.

"Nani amekuambia ufunge?" Bi Dalila alimuuliza.

"Hakuna, mama. Kula peke yangu ndiyo iko ngumu kuliko njaa."

Bi Dalila alikuja kunisimulia maneno hayo huku anacheka. Alimpenda yule kijana, na hakuficha.

Sasa nikuambieni habari za komite. Chuo kilikuwa na komite ya mapokezi ya wanafunzi wageni, na mkubwa wake alikuwa Djamali. Kazi yake ilikuwa nzuri. Waliwapokea wageni mpakani Kavimvira, wakawapeleka kwenye ofisi ya uhamiaji, wakawatafutia nyumba ya kulala. Na kwa kuwa vita vilikuwa vimeweka bariyeri kila barabara, komite ndiyo iliyopita na mgeni mbele ya watu wenye bunduki na kusema, "Huyu ni wetu." Maneno hayo yalitosha. Mgeni asiye na mtu wa kuyasema alikuwa maiti inayotembea. Djamali alijua hivyo, na kujua hivyo kulimpanda kichwani. Mpe mtu ufunguo wa mlango mmoja, utamwona anatembea kama mwenye nyumba.

Tena kulikuwa na ubatizo. Si ule wa kanisani. Mwanafunzi mpya wanamwita bleu, na kabla hajakubaliwa na wakubwa lazima apitishwe kwenye wiki ya mateso. Ananyolewa kichwa nusu, anavaa shati upande wa ndani nje, anafulia wakubwa nguo, anabeba maji, anaimba matusi juu ya wazazi wake. Juu ya yote kuna sheria moja: wiki hiyo mkubwa hamjui bleu. Ukimsalimu, hata kama mnalala chumba kimoja, anakujibu, "Nani huyu? Simujui," na wote wanaangua kicheko. Siku ya mwisho wanakukumbatia na kukuita kwa jina lako. Wageni wa ng'ambo walitendewa hayo mara mbili, eti ili wazoee nchi. Wakuu wa chuo waliyaona hayo kutoka madirishani mwao, wakayaita desturi.

Djamali alitaka ubatizo wa Ngendakumana usisahaulike. Alikuwa na rafiki wa utotoni, Octave, kijana wa mtaani kwetu aliyekuwa amechukua bunduki na kukaa kwenye bariyeri ya njia ya Runingu. Djamali alimpelekea sigara, yeye aliyefunga, akamwambia, "Jumamosi tutamutuma bleu wangu Runingu kuleta muhogo. Akirudi mumukamate, mumutishe kidogo. Siye tutapita na kusema hatumujui. Utaona vile atalia." Octave akakubali. Vijana wawili wakacheka juu ya woga wa mtu wa tatu, na hapo ndipo ubaya wote ulipozaliwa.

Lakini vita havifuati mipango ya wanafunzi. Ijumaa, Octave na kundi lake walipandishwa milimani upande wa Bijombo, na bariyeri ikapewa watu wengine, watu wa mbali, ambao hawakumjua mtu yeyote Uvira. Siku zile zile walikuwa wamewazika wenzao waliouawa kwenye shambulio la kuvizia. Walikuwa wanatafuta mtu wa kulipa.

Ngendakumana akawatokea na furushi la muhogo kichwani.

Mmoja wa wale wanafunzi waliofuatana na Djamali ndiye aliyenisimulia, miaka baadaye, na alisimulia bila kuniangalia usoni. Walipokaribia walimkuta Ngendakumana amepigishwa magoti kando ya barabara, muhogo umemwagika.

"Weye ni nani?" komanda alikuwa anamuuliza. "Kichwa nusu, nguo ndani-nje, na Kirundi mudomoni. Nani alikutuma kutuangalia?"

"Minye niko mwanafunzi, komanda. Niko nakaa Nyamianda kwa Mama Djamali." Hapo akawaona, na uso wake ukafunguka. "Ni huyu anakuja. Ananijua. Mumuulize."

Djamali hakungoja kuulizwa. Alikuwa ameyaandaa maneno yake tangu asubuhi, akayatupa kutoka mbali kwa sauti ya kuchezea: "Huyu? Siye hatumujui. Iko muntu wa ngambo."

Wenzake wakaangua kicheko. Na Ngendakumana, masikini, akatabasamu. Alielewa kwamba ni ubatizo, akapumua. Alikuwa bado anatabasamu walipomfunga mikono.

Ndipo Djamali alipotazama nyuso za wale watu. Octave hakuwepo. Hakukuwa na hata mmoja aliyemfahamu.

"Komanda," alisema, na sauti ilikuwa imebadilika, "nilikuwa nacheza tu. Iko mwenzetu."

Komanda alimwendea polepole. "Umesema haumujui. Sasa unasema unamujua. Gani iko uongo?" Komanda akanyoosha kidole kando ya barabara. "Sikia. Kama unamujua, piga magoti pale karibu yake, tutawauliza pamoja. Kama haumujui, pita njia yako."

Wenzake walikuwa wameanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua.

"Kaka Djamali," Ngendakumana alisema. "Muambie sasa. Imetosha."

Ndugu zangu, palikuwa na nafasi ya kupiga magoti. Ilikuwa mavumbi tu, kando ya furushi la muhogo. Wangeuawa wote wawili? Huenda. Huenda pia wangeachiwa, kwa sababu mtu wa Uvira mwenye mama Nyamianda hauawi hivi hivi. Djamali alipima, na upande wa pili wa mizani aliweka mtoto wa watu.

"Minye simujui," alisema. Akapita.

Wengine nao wakapita. Walipokuwa hawajafika mbali walisikia bunduki, wakaongeza mwendo.

Jioni ile Bi Dalila alikuwa amepika uji na maharage ya nazi, kwa sababu Ngendakumana aliyapenda. Djamali alifika, akanawa, akafuturu. Akala pia sehemu ya mwenzake.

"Ngenda yuko wapi?" mama yake akauliza.

"Amerudi kwao."

"Bila kuniaga? Na rozari yake iko msumarini?"

"Mama, weye haujui batu ba ngambo. Ndivyo bako. Unabalisha chakula, banaondoka."

Bi Dalila aliumia sana. Alikuja kwangu akamlaumu yule kijana kwa kukosa shukrani, na mimi nikamwambia ndivyo dunia ilivyo. Marehemu akiwa hajapata hata kaburi, tulikuwa tumekwisha kumsema vibaya.

Krismasi ikapita. Mwezi wa kwanza, mama mmoja akabisha mlangoni kwa Bi Dalila, amebeba kidumu cha mawese ya Rumonge na kuku. Alikuwa Generose, mama yake Ngendakumana. Alikuja kutoa shukrani kwa watu waliomtunzia mtoto, na kuuliza mbona Noeli hakufika nyumbani.

"Si alirudi kwenu?" Bi Dalila aliuliza, na kuku akamponyoka Generose mkononi.

Djamali alikuwepo. Hapo angeweza kusema. Badala yake alivaa tena koti lake la komite.

"Usilie, mama," alisema. "Kutafuta wageni waliopotea ndiyo kazi yetu. Nitakutembeza mwenyewe."

Akamtembeza kweli. Alimpeleka kwenye kasho za wafungwa, moja baada ya nyingine, hospitali, parokia, ofisi za wakubwa. Kila mahali alisimama mbele na kuongea kwa Kifaransa safi, na yule mama alisimama nyuma yake ameshika picha ya mtoto. Usiku Generose alilala kwenye kitanda cha mwanawe. Asubuhi alifua nguo za Djamali kwa mikono yake, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Alimwombea kwa ile rozari. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Mungu akubariki, mtoto wangu, laiti Uvira ingekuwa na vijana wengi kama weye." Djamali akaitikia amina.

Mtaniuliza alikuwa na moyo wa namna gani. Ninawajibu: wa kawaida. Uongo wa kwanza ulimkabidhi kwa wa pili, na wa pili ulikuwa na adabu kuliko wa kwanza.

Mwishoni Generose aliuliza jambo dogo. "Mumenipeleka kila upande. Mbona njia ya Runingu bado?"

"Ile njia imefungwa, mama."

"Imefungwa?" Bi Dalila alishangaa. "Jana wauza mihogo wamepita. Twende, na minye nitawasindikiza."

Djamali alitembea nyuma yao njia nzima. Kwenye bariyeri komanda yule yule alikuwa amekaa anakula mahindi ya kuchoma. Generose akamwonyesha picha. Komanda hakuitazama sana, alimtazama Djamali.

"Mwanafunzi," alisema. "Leo unatuletea wamama?" Kisha akamgeukia Generose. "Huyu mwenye kichwa nusu? Alikufa hapa, mama. Siye hatukumuonea. Tulimuuliza huyu kijana, akasema hamujui. Tukamuuliza tena, akasema hamujui. Angesema anamujua, labda ungemukuta." Akarudi kwenye mahindi yake.

Bi Dalila alikaa chini barabarani. Generose alibaki amesimama.

"Ulisema haumujui?"

"Ilikuwa mchezo, mama," Djamali alianza, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza. "Ni ubatizo. Kila mwanafunzi mupya anabatizwa. Iko desturi ya chuo."

"Ubatizo," Generose alisema. "Mtoto wangu alibatizwa Rumonge, niko namubeba kwa mikono hii."

Hakumpiga. Hakumlaani. Watu wa bariyeri waliwaonyesha matete, na ndani ya matete hawakupata kitu cha kuzika isipokuwa shati lililovaliwa upande wa ndani nje. Generose aliligeuza vizuri, akalikunja. Kisha akamwomba Djamali jambo moja tu: avuke naye, akamwambie baba wa mtoto kwa mdomo wake mwenyewe. Djamali akakubali. Asubuhi ya safari hawakumkuta kitandani.

Kwa hiyo aliyevuka ni Bi Dalila. Alikwenda hadi Rumonge, akaingia kwenye nyumba ya msiba, akasimama mbele ya watu wote akasema, "Aliyemukana mtoto wenu ni mtoto wangu. Minye ndiye nilimuzaa." Baba wa marehemu aliuliza, "Na yeye iko wapi?" Hakuna aliyemfukuza Bi Dalila, na hakuna aliyemwambia kaa. Alisimama ukutani mpaka jioni, mwanamke mtu mzima, mpaka miguu ikavimba.

Aliporudi alikusanya nguo zake akahamia kwa dada yake Kalundu. Djamali alikuja kumpigia hodi mara nyingi. Mama yake alikuwa anamfungulia, anampa chakula, kisha anatoka nje mpaka amalize. Bi Dalila alikufa vita vikiwa havijaisha. Djamali alipata diploma yake. Hakuna aliyemshtaki, kwa sababu hakuna sheria aliyovunja: aliulizwa swali, akajibu. Anakaa peke yake kwenye ile nyumba ya Nyamianda, na watu wa ng'ambo hawaleti tena mtoto hapo.

Na chuo? Mwaka uliofuata komite mpya ilichaguliwa, wanafunzi wapya wakanyolewa kichwa nusu, na kicheko kilisikika mpaka barabarani. Wakuu wa chuo walikuwa madirishani.

MAFUNZO

Mnaoita mateso desturi, jueni kwamba desturi haina mikono. Mikono ni yenu. Mnaowatisha wageni ili mcheke, woga wa mtu si kitu cha kuchezea katika nchi ambayo watu wanauawa kweli. Ninyi wakuu wa vyuo, anayeona na kunyamaza ameshiriki. Na nyinyi wazazi, msijivunie tu kwamba mtoto wenu amechaguliwa kuwa mkubwa wa hiki na kile. Muulizeni anawafanyia nini walio chini yake.

Lakini neno kubwa ni hili. Ukimpokea mgeni, umesema mbele ya watu kwamba unamjua, na utaulizwa siku ambayo kusema hivyo ni hatari. Kama siku hiyo hutaweza kupiga magoti karibu naye, usimpokee. Mwache abaki kwa mama yake.