Jerbera Katika Shamba la Mjomba

Jumamosi, tarehe 11 Machi 1995. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeikalia Kinole, kijiji cha milima ya Uluguru, na manyunyu yalidondoka polepole kwenye migomba.

"Ng'oa," alisema mjomba Dadi. "Leo hii. Na posa yako uirudishe ulikoitoa."

Mwajuma alikuwa amesimama katikati ya wanaume wawili aliowapenda. Huyu ni mjomba aliyemlea, mkubwa wa ukoo. Yule ni Mansuri, mchumba wake, mtu wa Turiani, aliyeazimwa na mjomba huyo huyo kipande cha shamba aoteshee miche. Majirani walishajaa.

"Shikamoo, mjomba," alisema Mansuri. "Kosa langu nini?"

"Marahaba. Mgeni kwetu hupanda maharage. Akishavuna, yamekwisha, anaaga. Haya yako yanakufa lini?"

Mansuri aliyatazama maua yake. Yalikuwa jerbera za aina mpya kutoka Arusha, fupi, petali zimebanana, rangi ya papai bivu. Tangu serikali iruhusu biashara huria watu wa mjini walikuwa wanajenga, na kila mwenye bustani au kibaraza aliyataka.

"Hayafi, mjomba. Yanachanua miaka na miaka. Ndio uzuri wake."

Watu wakaguna. Mwajuma akafumba macho. Kwa Waluguru, anayepanda kitu cha kudumu kwenye ardhi ya kuazima amekwisha kutangaza kuwa ni yake. Hakumwonya Mansuri, kwa kuwa alidhani mwiko huo ni wa michungwa na minazi. Nani angefikiria maua?

"Mmesikia wenyewe," alisema mjomba. "Huyu anaoa shamba."

"Kumbe bibi harusi ni shamba," alisema mama mdogo Shadya. "Sasa hina tutalipaka wapi?"

Watu wakacheka. Mansuri hakucheka.

"Mwajuma, nang'oa na kuondoka. Sitaki ugombane na wakubwa zako."

"Uende wapi?"

"Turiani. Kwenye kiwanda cha sukari kibarua hakikosekani."

"Na mimi?"

Mansuri akageuka kutafuta jembe.

"Mungu anajua nilivyokuombea," alisema Mwajuma. "Sikuachii kwa ajili ya mizizi. Mama mdogo, yale makopo ya mafuta ya maandazi bado yapo uani?"

"Yamejaa tele."

"Nayaomba yote. Na msumari."

Akayatoboa makopo chini ili maji yasituame. Kisha akapiga magoti kwenye tope na kuchimbua shina la kwanza. Mansuri alimtazama kidogo, akapiga magoti kando yake.

"Usiufukie moyo wake, hapo majani yanapochipukia. Ukizama kwenye udongo unaoza."

"Basi nionyeshe, usisimulie."

Walifanya kazi hadi ukungu ukapanda. Shamba likabaki udongo mtupu. Makopo yakajipanga barazani, maua yameinama kwa uchovu lakini yako hai. Mjomba akalizunguka shamba lote, akichokoa hapa na pale kwa bakora yake.

"Mizizi yako iko wapi sasa?"

"Ndani ya makopo, mjomba. Siku ya kuaga naibeba."

"Na udongo uliomo?"

"Huo nimeazima."

Hata mjomba ilibidi aangalie pembeni kuficha meno.

"Mjomba, kosa lilikuwa langu," alisema Mwajuma. "Yeye ni mgeni, mimi ndiye nilipaswa kumwambia mila yetu. Lakini huyu nitaolewa naye. Nakuomba radhi, na nakuomba idhini."

 Mzee akamgeukia Mansuri.

"Mtoto wa Mwajuma atakuwa wa ukoo gani?"

"Wa mama yake, kama mila ya Waluguru ilivyo. Wa kwenu."

"Basi huyo ndiye atakayepanda chini. Sema mbele ya hawa, wasikie."

Mansuri alisimama, mikono imejaa tope.

"Mbele yenu nyote, na Mungu ananisikia: namtaka Mwajuma, ardhi yake siitaki. Maua yangu yatakaa kwenye makopo mpaka nizeeke. Na watoto atakaonizalia nitawafundisha kuyapanda ardhini, maana hapa ni kwao."