Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Aliyeanza kumwambia Zuwena alikuwa jirani yake, Mama Sikujua, walipokuwa wakianua nguo pale Songwa, penye machimbo ya almasi, mwaka 1967. Alimvuta pembeni, akanong'ona, "Mama Akida, usinichukie. Mtoto wako ananuka supu."

Zuwena aliona haya. Asubuhi ile alikuwa amemwogesha kwa sabuni mpya. Alipomshusha Akida mgongoni, gauni lake mwenyewe Zuwena lilikuwa limelowa mafuta ya njano, nzi wamenasa humo.

Jioni alimbana mumewe. Salehe alikuwa mpishi wa Mskoti mmoja, fundi wa almasi. Akakiri kwamba Akida alipolia siku tatu, alifanya kama majirani Wasukuma: alimtajia majina ya wafu mpaka anyamaze, maana jina linalomnyamazisha mtoto ndilo analolitaka. Babu alikataliwa, bibi vilevile. Kwa mzaha akamtaja Torkil, mtemi wa kale wa ukoo wa bwana wake. Mtoto akanyamaza palepale.

"Mtemi gani huyo?"

Salehe alisema aliishi miaka mia saba iliyopita, mteka ng'ombe aliyeogopwa na koo zote. Alifia vitani, mbali na kwao. Watu wake wakamchemsha mpaka nyama ikaachana na mifupa, wapate kuirudisha mifupa nyumbani. Na kwa kuwa walikuwa na njaa, mchuzi hawakuumwaga. Mpaka leo ukoo ule hujisifu kuwa ni wana wa chungu kimoja.

Zuwena akamtazama mtoto aliyekuwa akimnyonyesha. Mikononi mwake Akida aliendelea kunyonya, akifyonza kwa mlio mzito kama wa mzee anayenyonya uboho, na mafuta yakimchuruzika shingoni, yakiganda meupe kwenye mikunjo, yakinuka nyama ya juzi, hata Zuwena asijue tena ni nani anayemnyonyesha.

Wakamwita mganga Mabula. Alimnusa mtoto, akafunika pua.

"Mtemi huyo alinywewa, naye sasa anamnywa mwanao. Baba aliyempa jina ayalambe mafuta haya, alikane jina, kisha ateme. Asimeze."

Salehe akailamba shingo ya mwanawe. Akalikana jina. Wakangoja ateme.

Koo lake likapanda, likashuka.

"Kumbe matamu," akasema taratibu.

Asubuhi yake Zuwena alimnusa Akida utosini. Alinuka utoto tu. Akamfunga mgongoni, akapita kimya jikoni, ambako Salehe alikuwa amechuchumaa akilamba sufuria tupu, akaenda kudandia lori la pamba liendalo Mhunze, kwa mama yake.