Mkono wa Kutunza

"Usipige picha za mfululizo mpaka mkono ushuke," mkuu wake, Kibwana, alinguruma kwenye spika ndogo iliyofichwa sikioni mwa Adila. "Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Kaole nilibonyeza mapema."

Idara nzima ya kupambana na dawa za kulevya ilijua. Kaole, Kibwana alikandamiza kitufe tangu mshukiwa anafungua mlango wa gari. Kumbukumbu ya kamera ikajaa, ikaganda. Mzigo ulipobadilisha mikono, yeye alikuwa anatazama taa nyekundu ikipepesa. Picha hakupata. Wauzaji ndio waliompata, wakamkata vidole viwili. Cha kubonyezea kimojawapo.

Leo ilikuwa Zinga, harusini, shughuli ya wanawake watupu. Mwanamume haingii. Adila aliingia na kamera ya Nikon D500 shingoni, bastola ya Glock chini ya baibui. Mtu mmoja angemtunza mwimbaji Hafidha noti yenye laini ya simu ndani yake. Laini hiyo ndiyo ingeiambia boti ya heroini ishushe wapi. Lakini nani? Watunzaji wote wana noti! Picha moja moja ingeonyesha noti tu, upuuzi mtupu.

Taarabu ikakolea. Wanawake wakainuka kwa madaha, noti juu. Adila akapiga moja. Akapiga nyingine. Subiri, mama, alijiambia. Haraka haraka haina baraka.

Mkono wenye hina, umeshika noti iliyokunjwa, ukashuka.

Akakandamiza.

Trrrrrrr! Ngoma zikaumeza mlio. Kamera ikajaa, lakini sasa ijae tu.

Akazirudisha picha kwenye kioo. Hapa noti inakunjuka. Hapa ukucha unasukuma laini kwenye kiganja cha Hafidha. Na hapa uso.

Lahaula!

Shangazi Sabiha. Aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Aliyemwombea kazi ya picha kwa wenye harusi hawa hawa, asijue kuwa yeye ni askari. Moyo ulimuuma Adila, ulimuuma kwelikweli. Hata hivyo, picha akazituma.

"Ni nani huyu?" Kibwana aliuliza.

"Shangazi yangu. Mfuateni Hafidha, awafikishe kwenye boti."

"Sawa."

Alasiri Kibwana aliita tena. "Boti tumeinasa Mbegani. Wote wako chini ya ulinzi. Mchukue shangazi yako."

Sabiha alikuwa uani, anapakua pilau.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Adila akamwonyesha kioo cha kamera. Upawa ukaanguka.

"Nimetunza tu. Nani hatunzi?"

"Ingekuwa picha moja, ungenishinda. Tazama ukucha wako, huu hapa unasukuma, huu hapa unaachia."

"Futa, Adila."

"Zimeshakwenda."

Sabiha akaangua kilio. "Huna haya, mtoto wewe! Ada zako nililipa na nini, unadhani? Vitumbua?"

Hilo Adila hakulijua.

"Basi ulinisomesha vizuri, shangazi."

Askari wawili wa kike, nao ndani ya mabaibui, wakafunga geti.

"Nataka picha ya uso wake kwa ajili ya faili," Kibwana alisema sikioni.

Adila akageuza kitufe, akatoka kwenye mfululizo.

"Simama ukutani, shangazi. Tazama huku."

Sabiha akasimama, machozi yanamtiririka, mikono imeshatiwa pingu. Hakusogea hata kidogo. Kwa asiyesogea, moja inatosha.

Klik.

Adila akafunika lenzi, akatengeneza ushungi wake. Ndani vigelegele vilikuwa vimeanza, bibi harusi anatolewa. Akarudi ukumbini kuendelea na kazi.