Kipimo cha Pili

Mahira na Fuad walijuana Biashara Street, siku mbili kabla ya Idi, duka limejaa watu hadi mlangoni. Walishika leso moja, pea ya mwisho, nyekundu ya maua meupe.

"Namchukulia mamangu," alisema Fuad.

"Na wangu je, aende uchi?"

Fuad alicheka, akaiachia, kisha akadai nambari ya simu iwe fidia. Mahira, na maringo yake yote ndani ya lile buibui la kung'ara, akampa.

Mwezi wa nne wa kujuana kwao Fuad alimwambia ukweli: aliwahi kuvuta unga, heroini, miaka sita, na sasa ana mitatu hajaugusa. Mahira alilia, kisha akamwambia yaliyopita yamepita. Kusema ni rahisi.

Kazi ya Mahira mwenyewe ilikuwa maabara, kupima dawa za kulevya kwenye mkojo na damu. "Yaani mwizi nimemposa askari," Fuad alipenda kumtania.

Alhamisi moja Mahira alimwalika kwao Mji wa Kale, akampikia kuku wa khaskhas alivyofundishwa na jirani yao Kulsumbai, zile mbegu nyeupe zikasagwa hadi mchuzi ukawa mzito. Fuad alimaliza sahani mbili. Asubuhi yake, kampuni ya meli alikokuwa fundi ikawapima wafanyikazi wote mkojo.

"Mahira, kile kikaratasi chao chasema nina afyuni," alimwambia kwenye simu. "Wamenisimamisha kazi."

Mahira moyo ulimpasuka. "Umerudi kwenye unga, Fuad?"

"Wallahi sijaugusa."

"Mkojo waletwa kwetu kupimwa tena. Mashine itasema."

"Mimi nakuuliza wewe, mpenzi. Waniamini?"

"Ngoja tuone kwanza."

Akakata simu. Hapo ndipo alipokosea, nami simtetei hata kidogo. Wiki nzima Fuad alipiga, naye akaiacha simu ilie juu ya kitanda, akiitazama, amekosa usingizi na amekosa wa kumwambia.

Kwa kuwa haikufaa apime mkojo wa mchumba wake, alipima mwenzake Odera. Ulichujwa, ukapashwa moto ukawa mvuke, ukasukumwa na gesi ndani ya bomba jembamba kama uzi, kila dawa ikitoka kwa dakika yake. Morfini ilitoka kidogo, na kodeini. Dakika ya masalio ya heroini ikapita, mstari wa mashine umelala. Kisha ikatoka thebaini, ambayo imo kwenye mbegu na haimo kwenye unga.

"Huyu hakuvuta kitu," alisema Odera. "Alikula khaskhas."

Mahira alikaa chini. Kwamba mbegu hizo ni za mmea wa afyuni alilijua tangu chuoni. Jikoni halikumjia kabisa. Alitoka nje akampigia.

"Fuad, umesafika. Ni mimi niliyekulisha, ni ule mchuzi wangu. Barua yenda kwa kampuni leo."

"Alhamdulillahi," alisema Fuad, sauti imechoka. "Kazini nitarudi."

"Na kwangu?"

"Wiki hii unga umeniita kila siku, Mahira, nami nakupigia wewe. Waliojua kuwa sikuvuta walikuwa wawili, Mungu na mimi. Nilitaka wa tatu uwe wewe, kabla ya mashine."

"Nisamehe, habibi."

"Nimekusamehe," alisema, na hakuwa na hasira. "Lakini siwezi kuishi na mtu wa kunipima."

Akamtakia heri, akakata.